Uokoaji Unasomewa
Wapo wanaosema kazi ya uokoaji ni misuli tu. Haya, sikilizeni. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, ikabaki inaelea tumbo juu. Ndani watu wakawa wanagonga. Waokoaji wakatoboa tundu wawatoe. Nia ilikuwa njema, ila hewa iliyokuwa imeibeba meli ikatoka, ikazama. Mamia walikufa.

Hiyo ni fizikia, ile ile mnayoikimbia! Ikamate, jifunze kuogelea na huduma ya kwanza. Usimamizi wa maafa unasomwa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega. Dar es Salaam, ulizeni Chuo Kikuu Ardhi. Dada zangu, nanyi pia. Naam, wewe wa nyuma, uliza.