GAWIO LIKITOKA, BEI YA KIPANDE HUSHUKA: HAKUNA ALIYEIBIWA

(Maneno ya Katibu wa Chama katika mkutano wa wanaushirika. Yamenakiliwa hapa kwa ajili ya ndugu ambao hawakuhudhuria.)



Nimeomba kusimama kwa sababu ya maneno yanayozunguka kisimani na kilabuni. Inasemwa ati fedha za ushirika tulizonunulia vipande vya mfuko wa uwekezaji zimepungua, na Ndugu Mtunza Hazina anajua zilikokwenda. Jumapili mtoto wake amerudi nyumbani analia, kaitwa mtoto wa mwizi. Jamani, hilo si jambo dogo.

Mimi hesabu nimejifunza ukubwani, katika kisomo cha watu wazima. Kwa hiyo nitaisema polepole kama nilivyofundishwa.

Ushirika wetu una vipande 5,000. Kabla ya gawio kila kipande kilikuwa Sh. 120. Jumla Sh. 600,000. Mfuko ukatoa gawio la Sh. 8 kwa kila kipande. Kesho yake bei ikasomwa Sh. 112. Hapo ndipo kelele zilipoanza. Lakini hesabuni wenyewe:

Vipande 5,000 kwa Sh. 112 ni Sh. 560,000.
Gawio, 5,000 kwa Sh. 8, ni Sh. 40,000.
Jumla Sh. 600,000.

Imepungua wapi? Hizo 40,000 zimo katika kitabu cha akiba, na risiti ipo.

Sababu ni hii. Bei ya kipande ni mali yote ya mfuko, ukitoa madeni, ikagawanywa kwa idadi ya vipande. Fedha ya gawio inatoka katika mali hiyo hiyo. Ikishatoka, kilichobaki ni kidogo, na bei lazima ishuke. Ng'ombe mwenye mimba mnadani huuzwa ghali. Akishazaa, bei yake hushuka, lakini ndama yumo zizini. Nani atasema kaibiwa?

Mtaniuliza, basi faida iko wapi? Faida ilipatikana mwaka mzima, bei ilipokuwa inapanda. Siku ya gawio imehama tu, kutoka mfukoni mwao kuja mkononi mwetu. Ipo mifuko isiyotoa gawio. Mfuko wa Umoja, ulioanza hapa Tanzania mwaka 2005, faida yake hubaki ndani ya bei ya kipande. Huko ndama haonekani, lakini ng'ombe hunenepa.

Sasa nawaonya mambo mawili.

Kwanza, kuna vijana wanaoshauri tununue vipande siku mbili kabla ya gawio, tulipokee, kisha tuuze. Huo si ujanja. Utanunua kwa 120, utapewa 8, utabaki na kipande cha 112. Aliyenunua ng'ombe mwenye mimba amekwisha kumlipia na ndama. Tena kama mfuko una makato ya kuuza, utatoka na hasara.

Pili, sisemi kila bei ikishuka tunyamaze. Mfuko hununua hisa na hatifungani, na bei za vitu hivyo hupanda na kushuka. Ng'ombe naye huweza kukonda. Kipimo ni hiki: linganisha bei iliyoshuka na gawio lililotolewa. Imeshuka 8 na gawio ni 8, sawa. Ingeshuka 15 na gawio ni 8, hizo 7 tuna haki ya kuziuliza, na mimi ningekuwa wa kwanza.

Limebaki la kuamua. Hizo Sh. 40,000 tununulie dawa ya mikorosho, au tuzirudishe mfukoni? Tukizirudisha kwa bei ya 112 tutapata vipande 357 na chenji Sh. 16. Yote mawili ni halali. Mkutano ndio utakaosema, siyo Katibu wala Mtunza Hazina.

Mwisho, kitabu na risiti vitakuwa mezani ofisini siku ya gulio, asubuhi mpaka saa sita. Njoni msome. Asiyejua kusoma aje na mwanawe. Na wale waliotamka neno mwizi, nawaomba kwa heshima: njia ya kwenda kwa Ndugu Mtunza Hazina mnaijua. Nendeni kabla jua halijatua.



Katibu wa Chama, Kijijini