Wangapi Walianza, Wangapi Wako Hai?

Msikilizaji wa Bukoba, msikilizaji wa Muleba, miti yetu ya dawa si porojo. Watafiti wa Muhimbili walifika Bugabo na Katoro, wakafika Kikuku kule Muleba, wakakaa na waganga, wakaandika mti mmoja mmoja: unatibu nini, huchemshwa mzizi au jani. Baadhi ya miti ya Bukoba waliijaribu maabara kwa viduvi wa maji ya chumvi, waone ina sumu kiasi gani. Kazi ya kuheshimiwa. Ila kuua kiduvi ndani ya kichupa hakujawa kumponya mama mwenye saratani ya titi.

Siku hizi tunaletewa ushuhuda: fulani alimaliza dumu la lita tano la dawa ya miti, akapona saratani. Muulize kwanza, alikatwa kinyama kikapimwa, ikathibitika ni saratani? Alipasuliwa kabla ya hilo dumu? Maana mara nyingine kisu ndicho kilichoponya, sifa akapewa mganga. Kisha muulize lililo zito: walioanza dawa hiyo pamoja naye walikuwa wangapi, na baada ya miaka 5 wangapi wako hai? Aliyezikwa hatoi ushuhuda. Mwaka 2011 foleni ya magari kwenda Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa cha shilingi 500, nchi nzima iliisikia. Urefu wa foleni haukutuambia nani aliishi.

Marekani walihesabu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha habari za wagonjwa 281 waliochagua tiba mbadala peke yake, saratani ikiwa haijasambaa mbali. Kwa wenye saratani ya titi, baada ya miaka 5 walikuwa hai 58 katika kila 100. Waliotibiwa hospitali, karibu 87. Pengo hilo ni kina mama, si tarakimu.

Najua hospitali ya Bugando ni mbali, na nauli ya kufika Mwanza, achilia mbali chakula cha anayeuguza, inauzisha mbuzi. Simlaumu anayeanza na kilicho jirani. Namlaumu anayemwambia mgonjwa aache dawa za hospitali, ilhali hospitali hizo hizo hutumia vinkristini, dawa ya saratani iliyotokana na ua la Madagaska, iliyokubalika baada ya wagonjwa kuhesabiwa.

Waganga wetu, fungueni daftari. Andikeni kila anayekuja na cheti chake cha kipimo, mfuatilieni hadi kwake, na waliofariki waandikwe pia. Daftari la namna hiyo nitalisoma hapa hewani, na mti nitautaja kwa jina.