Nyumba Ni ya Nani? Ndoa, Talaka na Hofu ya Kupoteza Mali

Nimeombwa kuzungumzia swali ambalo siku hizi vijana wa kiume wanaliuliza bila kificho: nioe, nijenge, halafu siku ya siku tukiachana nigawane na mtu jasho langu? Mabinti nao wana la kwao: nipike, nizae, nibebe tofali, halafu nitoke na sanduku la nguo? Nayapa uzito maswali yote mawili, maana nimekaa miaka mingi kwenye meza ya msaada wa kisheria na nimewaona waliotoka hivyo. Jibu langu nalitoa mapema tusizungushane. Ndoa inastahili, na mali nyingi ninazoziona zikipotea wakati wa talaka zilianza kupotea zamani, siku ambazo wawili hao walikuwa bado wanapendana na hawakutaka kuulizana.

Tanzania Bara tunatumia Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Wengi wanaamini kwamba ukishaoa tu, nusu ya mali yako imekwenda. Sivyo. Kufunga ndoa peke yake hakubadilishi umiliki. Kiwanja ulichonunua ukiwa kapera kinabaki chako, na mke naye ana haki ya kununua, kumiliki na kuuza mali yake sawasawa na mwanamume. Kinachogawanywa chini ya kifungu cha 114 ni mali mliyoichuma kwa juhudi za pamoja mkiwa ndani ya ndoa. Mali ya kabla ya ndoa huingia pale mwenzako alipoiendeleza kwa kiasi kikubwa, au mlipoiendeleza pamoja. Kiwanja ni chako cha ujanani, lakini kama msingi mmeumwaga wawili, boma mkalisimamisha wawili na mkapaua wawili, usitegemee mahakama ikuambie ni chako peke yako. Hakimu atatazama kila mmoja aliweka nini, iwe fedha, mali au kazi. Atatazama madeni mliyokopa kwa faida ya wote na mahitaji ya watoto wadogo. Akishayapima hayo ndipo huelekea kwenye usawa.

Hilo neno "kazi" limepiganiwa. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Mahakama ya mwanzo ilikuwa imemnyima yule mama fungu la nyumba kwa hoja kwamba alikuwa mke tu na fedha zilikuwa za mume. Mahakama ya Rufani ikasema kupika, kufua, kulea na kutunza nyumba ni mchango katika kuchuma mali. Akina mama wengi wanaijua kesi hii hadi hapo, na wanaishia hapo. Lakini Bi Hawa hakupata sehemu ya nyumba ile. Mumewe alikuwa amempa fedha za mradi wa familia, naye ikaonekana amezitapanya, na jambo hilo likahesabiwa dhidi yake. Kwa hiyo uamuzi ule ule unaomlinda mke anayefanya kazi za nyumbani unamwambia pia kwamba fedha ya familia ina hesabu yake. Naupenda kwa sababu hiyo.

Niwaeleze kuhusu daftari moja. Mama mmoja alikuja kwetu na daftari la shule, jalada limechanika, kurasa zinanuka mafuta ya taa. Alikuwa muuza maandazi. Ndani aliandika kwa kalamu ya risasi: mifuko sita ya saruji, nondo, misumari kilo mbili, nauli ya fundi, chakula cha mafundi siku ya kumwaga lenta. Kila mstari una tarehe. Hati ya kiwanja ilikuwa na jina la mume peke yake, na sheria inasema mali ikiwa kwa jina la mmoja, hudhaniwa ni yake hadi ithibitishwe vinginevyo. Mume aliapa kwamba mkewe hakutoa hata senti. Daftari lile likasimama badala ya mashahidi kumi. Mama huyu hakuliandika kwa kujiandaa na talaka. Aliniambia aliliandika ili maandazi yasimezwe na saruji bila yeye kujua.

Madeni ndiyo yanayonitia hofu kuliko mgawanyo wenyewe. Nyumba ya ndoa haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzako, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imelisisitiza hilo kwa upande wa mikopo. Pamoja na hayo, nimeshika mkononi fomu ya ridhaa iliyosainiwa na mwanamke ambaye si mke wa mtu yule. Mke halisi alijua siku dalali alipobandika tangazo mlangoni. Wanandoa hao walikuwa hawajaachana. Walikuwa wanakula sahani moja.

Sasa kijana ananiambia: basi mimi sioi, tutakaa sogea tukae, kila mtu na chake. Mwanangu, sheria imekutangulia. Kifungu cha 160 kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi hadi jamii ikawaona kuwa mke na mume, itadhaniwa wameoana. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, ila mzigo wa kuipinga utaubeba wewe. Na ikikubalika, yule binti anaweza kudai mali na matunzo kama mke. Umekwepa harusi, hujakwepa mgawanyo. Ulichokosa ni wazee waliokaa kikao cha mahari, mashahidi wanaojua mlianza na nini, na watu wa kuwaita mambo yakiharibika.

Wenzetu wa Kenya nao wamefika kwenye jambo hilo hilo la ushahidi. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema usawa wa wanandoa kwenye Katiba haumaanishi kila mmoja anabeba nusu moja kwa moja. Mchango lazima uonyeshwe.

Kwa hiyo ninawaomba mambo machache. Mnaooana mwambiane kabla ya harusi nani ana nini na nani anadaiwa nini, deni la kikoba likiwamo. Mkitaka mali fulani ibaki ya mmoja, andikeni makubaliano, maana sheria inayaruhusu. Mkinunua pamoja, andikisheni majina mawili, kwa kuwa hapo sheria hudhani fungu ni sawa na ugomvi hupungua nusu. Tunzeni risiti. Na mambo yakichacha, msikimbilie kuuza: sheria inawataka kwa kawaida mpite kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa kabla ya kufungua shauri, na nimeona nyumba zikiponea huko kwa mmoja kununua fungu la mwenzake polepole, watoto wakabaki kwenye vyumba vyao. Zilizouzwa kwa hasira zilikwenda kwa bei ya kutupa.

Ndugu washiriki, najua kwa wengi wetu karatasi za kiwanja zimo kwenye sanduku chini ya kitanda, na ufunguo anao mmoja. Jioni ya leo lifungueni mkiwa wawili. Someni jina lililoandikwa pale, na kama mmoja wenu hakuwahi kuliona, mzungumze kabla hamjalala.