Diploma na Miaka ya Kazi



Tumekuja kusema habari ya karatasi. Siku hizi tangazo la kazi likibandikwa ukutani, Butembo au Beni, neno la kwanza ni diploma. Hata mlinzi wa bohari anaulizwa diploma ya Serikali. Fundi mwenye miaka 15 ya kazi anasoma tangazo mpaka chini, anavaa kofia yake, anakwenda zake.

Hatuichukii diploma. Twajua tuliumia namna gani kwa kunyimwa. Wabelgiji walieneza shule za chini, lakini mlango wa juu waliufunga muda mrefu. Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa 1954, na kile cha Elisabethville 1956. Ndiyo sababu tarehe 30 Juni 1960, siku ya Uhuru, Wakongo wenye diploma ya chuo kikuu hawakufika hata 30. Daktari Mkongo hakuwako. Katika jeshi, afisa Mkongo hakuwako. Kapita aliujua mgodi kuliko mkubwa wake, lakini mshahara ulifuata karatasi, na rangi pia, tusisahau.

Basi Monseigneur Kataliko alipoanzisha Chuo Kikuu cha Graben hapa Butembo mwaka 1989, ilikuwa furaha kubwa. Mtoto aliweza kusoma akirudi jioni kula kwao. Leo Beni pia ina vyuo vyake. Wazazi wanauza kahawa, maharagwe, hata mbuzi wa mwisho, wapate minervali.

Wengine husema: mbona wafanyabiashara wakubwa wa Butembo walitajirika bila chuo? Ni kweli, wako. Lakini tazameni watoto wao wanapelekwa wapi.

Tena angalieni jina la diploma. Zamani mwanafunzi alisoma graduat miaka 3, kisha lisansi miaka 2, jumla 5. Mpango mpya wa LMD ulianza mwaka wa masomo 2021-2022, na lisansi yake ni miaka 3. Jina moja, miaka mbalimbali. Mzazi aulize kwanza, ndipo atoe feza.

Sasa tufike kwa yule fundi. Katika 1960 nchi ilikuwa na wasaidizi wa waganga, Wakongo waliosoma na kutibu watu miaka mingi, lakini bila cheo cha daktari. Je, waliambiwa waanze upya kama watoto? Hapana. Makumi yao walipelekwa Ufaransa kwa msaada wa Shirika la Afya Ulimwenguni. Masomo na kazi yao ya zamani vilihesabiwa, wakamaliza yaliyobaki, wakarudi madaktari.

Haki hiyo ndiyo tunayoidai. Mtu aliyeendesha mashine ya kusaga mawe miaka 15, au aliyefunga nyaya za umeme katika nyumba nusu ya mtaa, apewe mtihani wa mikono mbele ya wanaoijua kazi. Akishinda, aandikiwe karatasi yenye muhuri, na tangazo la ukutani liikubali. Akishindwa, aonyeshwe anachokosa, tena afundishwe jioni, kwa maana mchana yuko kazini na watoto wanamngoja na minervali yao.