Kompyuta Kongwe Ikiharibika: Itengenezwe au Iachwe?



Leo tunazungumzia kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980, ambazo hukutwa kabatini au katika mali ya urithi, zikiwa haziwaki. Tuchukue mfano wa Commodore 64, iliyotolewa Marekani mwaka 1982. Kampuni iliyoiunda ilifilisika mwaka 1994. Hivyo hakuna dhamana ya kudai wala mtengenezaji wa kumwendea. Uamuzi umebaki kwa mwenye mali.

Kwanza, tunawasihi msiiwashe kwa kujaribu tu. Adapta yake ya asili ikichakaa huweza kupitisha umeme unaozidi volti 5 zinazohitajika, na ziada hiyo huunguza chipu za kumbukumbu. Hata ikionekana nzima, ni salama zaidi kutumia adapta mpya. Huenda hitilafu ikaishia hapo.

Pili, kabla ya kuuliza bei, mwenye mali ajiulize anatafuta nini. Anayetafuta maandishi ya marehemu mzazi wake ajue kwamba hayamo ndani ya mashine. Yamo kwenye kaseti na diski, nazo huharibika kadiri miaka inavyopita. Aziokoe hizo kwanza, akitumia mashine nyingine iliyo nzima. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Anayetamani michezo ya utotoni naye hahitaji matengenezo: zipo programu zinazoiga mashine hiyo katika kompyuta za leo.

Anayeipenda mashine yenyewe ndiye mwenye sababu ya kuitengeneza. Huyo adai makadirio ya gharama kwa maandishi, aweke kiwango ambacho fundi hatakivuka bila idhini yake, na arudishiwe kila kipuri kilichotolewa. Sharti hilo la mwisho lina uzito. Chipu ya sauti ya mashine hii, iitwayo SID, haitengenezwi tena. Hutafutwa sana, na bandia zake zimo sokoni. Chipu nzima ikibadilishwa kwa siri, hasara haionekani kwa macho.

Kwa sababu hiyo hiyo, anayeamua kuiacha asiitupe wala asiiuze kwa bei ya chuma chakavu. Mashine isiyowaka huweza kubeba kipuri chenye thamani kuliko gamba lake. Tuulize kwanza, ndipo tuamue.