Neva za Koo, Sauti na Ulimi
Mgonjwa wa kiharusi akipaliwa na maji, asilazimishwe kunywa tena. Huenda zimeathirika neva za chini za kichwa, ya 9 hadi ya 12, zinazoanzia pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo.

Ya 9 hupeleka hisia za koo. Ya 11 huinua mabega. Ya 12 huendesha ulimi: ikidhoofika upande mmoja, ulimi ukitolewa hupindia upande huohuo.

Ya ajabu ni ya 10, vagasi, inayofika moyoni na tumboni. Tawi lake la kushoto hushuka kifuani, huzunguka chini ya mshipa mkuu wa damu, kisha hupanda tena kuendesha nyuzi za sauti. Ndiyo maana uvimbe wa kifuani, mbali kabisa na koo, unaweza kuikwaruza sauti. Ukwaruzo ukizidi wiki 3, daktari auchunguze.