CHAPA YA MFANYABIASHARA NI USHAHIDI

Hotuba iliyosomwa mbele ya Waislamu wa Kinama, Bujumbura

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeweka mizani na kuamrisha uadilifu. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, pamoja na ahali zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Maneno haya yahusu sarafu za fedha za zamani, hasa zile zilizogongwa chapa ndogo ndogo kwa mikono ya wafanyabiashara, ambazo leo watu wengi duniani huzitafuta na kuzikusanya. Huenda mtu akauliza: jambo hili lina faida gani kwa mtu anayehangaikia bei ya maharage na mkaa? Faida yake ni kwamba sarafu hizo zimebeba habari ya uaminifu, na uaminifu ni mali ambayo maskini na tajiri waihitaji sawasawa.

Kwanza yatazamwe maneno yenyewe. Neno sarafu lina asili ya Kiarabu, na mwenye kubadili na kupima fedha huitwa sarraf. Wahindi walilichukua neno hilo, na Waingereza walipofika Bara Hindi na China wakamwita mpimaji huyo shroff. Alama aliyoigonga waliiita chop, neno lililotoka katika Kihindi. Na katika neno hilo hilo la Kihindi ndimo lilimotoka neno la Kiswahili chapa. Basi mambo yaliyofanyika mbali sana yana majina ambayo mtoto wa Kinama huyatamka kila siku.

Katika karne ya 18 na ya 19, dola za Hispania, na baadaye za Meksiko, ziliingia China kwa wingi ili kununulia chai na hariri. Mfanyabiashara wa huko hakudanganyika kwa sura ya mfalme aliyechorwa juu ya sarafu. Aliipima kwa mizani, akaisikiliza mlio wake, na akiridhika, aligonga juu yake herufi ndogo iliyo alama ya duka lake. Maana yake ni kwamba sarafu hii imepimwa hapa, na mwenye duka hili ameikubali. Ilipofika duka la pili iligongwa tena, na la tatu vivyo hivyo, hata sarafu nyingine zikajaa alama na kupindika. Marekani ilitengeneza dola maalumu kwa biashara hiyo tangu 1873 hadi 1878, na Uingereza ikatengeneza yake tangu 1895 hadi 1935. Zote mbili zaonekana leo zikiwa na chapa za Wachina.

Katika pwani ya Waswahili, Uarabuni na Uhabeshi, sarafu iliyotawala ilikuwa reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Malkia huyo alifariki 1780, lakini sarafu yake iliendelea kutengenezwa miaka mingi baadaye kwa tarehe ile ile ya 1780, kwa kuwa wafanyabiashara waliikataa kila iliyobadilishwa. Uzito wake ni gramu 28 na kidogo, na sehemu tano katika sita zake ni fedha safi. Pembeni mwake yamezunguka maneno ya Kilatini yenye maana ya uadilifu na huruma. Wareno katika Msumbiji waliigonga herufi PM chini ya taji, ili ipate kukubalika katika nchi yao. Na Seyyid Barghash wa Unguja alipotoa pesa zake za shaba mwaka 1299 Hijria, yaani 1882, alichagua kuchora juu yake mizani. Hakika alama hiyo ilifahamika kwa msomi na kwa asiyesoma.

Huku bara, kandokando ya Ziwa Tanganyika, mambo yalikuwa mbali kidogo na ya pwani. Misafara iliyofika Ujiji na Uvira ilifanya biashara kwa nguo na shanga zaidi kuliko kwa fedha. Sarafu ya fedha ilienea baadaye, walipotawala Wajerumani, nayo ilikuwa rupia, ya uzito wa rupia ya Bara Hindi. Kuanzia 1904 rupia hiyo iligawanywa katika heller 100. Ndipo Waswahili wakapata neno hela, na Warundi wakapata amahera. Wajerumani waliondoka 1916, na faranga ikaja pamoja na Wabelgiji. Lakini jina la kisarafu kile kidogo limebaki midomoni mwa watu hata leo.

Yapasa kuzingatia jambo moja. Aliyegonga chapa juu ya fedha alitoa ushahidi, na kila aliyeipokea baada yake alimtegemea mtu ambaye pengine hakupata kumwona maishani. Laiti mmoja angegonga chapa yake juu ya risasi iliyopakwa fedha, madhara yangewafikia watu wa miji ambayo yeye hakuijua hata kwa jina. Ndiyo sababu Qurani ikawaonya vikali wapunjao vipimo, katika sura nzima inayoitwa kwa jina lao.

Basi ikiwa katika nyumba fulani limo sanduku la bibi, na ndani yake zimo rupia au reale, wenyewe wasiharakishe kuzipeleka kwa sonara ziyeyushwe. Sonara hulipa uzito wa fedha tu, ilhali mkusanyaji hulipa pia chapa na tarehe. Wala wasizisugue kwa majivu au mchanga ili zing'ae, kwani kusugua hula chapa na kupunguza thamani. Na kabla ya kuuza, yapasa kuuliza ni za nani. Mali ya marehemu ni ya warithi wote, wanawake na wanaume, kila mmoja kwa fungu lake. Anayeziuza kwa siri kwa kuwa ufunguo uko mkononi mwake amekula haki ya nduguze.

Naye anunuaye ajihadhari. Reale ya tarehe 1780 si lazima iwe na umri huo, kwa sababu zilizotajwa. Na kwa kuwa chapa huongeza bei, wako wadanganyifu wanaogonga chapa mpya juu ya sarafu za zamani. Alama nyingi za Hijazi zilizo juu ya reale hutiliwa shaka na wajuzi kwa sababu hiyo. Apime uzito, atazame maandishi ya pembeni, na ajaribu kwa sumaku, kwani fedha haivutwi na sumaku.

Sheria nayo ina neno. Fedha kwa fedha haibadilishwi ila kwa uzito ulio sawa, na mkono kwa mkono. Anayetaka kutoa reale mbili zisizo na chapa ili apate moja yenye chapa, na aziuze zake kwa faranga kwanza, khalafu kwa faranga hizo anunue anayoitaka. Ndivyo Mtume alivyomfundisha mtu aliyebadilisha tende mbovu kwa tende nzuri za Khaibar. Na zaka haiondoki kwa kuwa mali imewekwa kwa mapenzi. Nisabu ya fedha ni dirhamu 200, nazo kwa hesabu ya wanazuoni wengi wa sasa ni gramu 595 za fedha safi. Reale moja ina gramu 23 na kidogo za fedha safi; kwa hiyo mwenye reale 26 zilizotimiza mwaka ana wajibu wa kutoa, hata kama hana fedha nyingine yoyote.

Wafanyabiashara waliogonga chapa zile wamekwisha kufa, na maduka yao hayapo tena. Ushahidi wao ungali juu ya fedha. Kila muuzaji katika soko la Kinama naye hugonga chapa yake kila siku, kwa kilo anayoipima, kwa ahadi anayoitoa na kwa deni analolilipa. Heri yake ambaye chapa yake haitakanushwa Siku ya Mizani.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu uaminifu katika mali zao na katika maneno yao. Amin.